Sura ya 7: Tumlilie au Tusherehekee Maisha Yake?

Swali hili huja saa mbaya. Ndugu wote wamekwisha kupigiwa simu, mwili uko mochwari, vijana wanafunga turubai uani, na kamati ya mazishi ndiyo kwanza imekaa. Mmoja wa watoto wa marehemu, mara nyingi yule anayeishi mbali, anaomba nafasi ya kusema. "Mama hakupenda vilio. Naomba tuvae nyeupe, tupige nyimbo alizozipenda, watu waje na picha, tusherehekee maisha yake." Baba mdogo anakaa kimya kidogo, kisha anajibu bila kupandisha sauti: "Mwanangu, sisi kwetu mtu huliliwa kwanza."

Wote wawili walimpenda marehemu, na kila mmoja ana hofu yake. Mtoto anahofia mama yake atazikwa kama mtu yeyote tu, kwa hotuba za watu wasiomjua. Baba mdogo anahofia shemeji yake atazikwa kama mtu asiye na kwao. Hofu hizo mbili ni za kweli, na kikao kikiendeshwa vibaya zinaweza kugawa ukoo kwa miaka.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asilitafute hadi mwisho wa sura. Maziko yaachieni mila na dini. Kilio kipeni siku zake. Sherehe ya maisha ipeni siku yake peke yake, baadaye, watu wakishapumua. Na anayefaa zaidi kuchagua ni yule yule atakayezikwa, angali hai na ana akili timamu.

Tunazungumzia nini hasa

Ninaposema mazishi ya kimila nina maana ya msiba unaofuata utaratibu uliorithiwa na ukoo, kabila au dini, ambao hakuna mwanakamati aliyeubuni. Nani aoshe mwili, mjane akae wapi, kaburi lielekee upande gani, nani atupie udongo wa kwanza, siku gani watu wanyolewe, lini turubai lishushwe. Mchaga hurudishwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo. Mhaya hurudishwa kwenye kibanja, shamba la namna hiyo hiyo kwao. Mjaluo hurudishwa kwao. Ndiyo sababu mtu aliyefia Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi Moshi, au zaidi ya 1,300 hadi Bukoba, ilhali makaburi ya Kinondoni yako karibu.

Sherehe ya maisha ni mkusanyiko ambao kiini chake ni yule mtu mwenyewe: alikuwa nani, alipenda nini, alifanya kazi gani, amewaachia nini waliobaki. Mwili unaweza kuwapo au usiwepo. Shughuli inaweza kufanyika kanisani, ukumbini, ufukweni au uani kwa marehemu, siku chache baada ya kifo au miezi kadhaa. Watu huvaa rangi aliyoipenda, video fupi huonyeshwa, marafiki husimulia, muziki hupigwa. Mtindo huu umetufikia kupitia ndugu walioko Marekani na Uingereza, makanisa ya mijini na runinga, na katika magazeti ya Nairobi si ajabu tena kuona tanzia ikitangazwa kuwa ni kusherehekea maisha ya fulani.

Katikati kuna misiba mingi ya mchanganyiko. Msiba wa kawaida wa Dar es Salaam siku hizi una sare za kitenge, fulana zenye picha ya marehemu, mpiga video na mwongoza ratiba mwenye kipaza sauti, na bado mjane amekaa chini kwenye godoro. Kwa hiyo familia nyingi, hata zile zinazogombana, haziko mbali kama zinavyodhani. Zinachobishania ni kipi kifanyike lini, na mbele ya nani.

Kazi zilizomo ndani ya matanga

Vijana wengi wakiyatazama matanga, yaani zile siku ambazo watu hukaa msibani kabla na baada ya maziko, huona wali na maharage, viti vya plastiki na wanaume wanaocheza bao hadi usiku wa manane. Huona siku za kazi zinapotea. Twende ndani tukaone kinachofanyika.

Makochi yametolewa sebuleni na mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta. Mjane amekaa kwenye godoro sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga begani. Kila mwanamke anayeingia anavua viatu mlangoni, anainama, anamshika mkono, anasema "pole mama," anatafuta nafasi anakaa. Hakuna anayemhoji. Akilia, waliomzunguka wanalia naye. Akinyamaza, mmoja anaanza kumweleza jirani yake habari za bei ya vitunguu, na chumba kizima kinapumua. Usiku wanalala pale pale. Kwa siku nne au tano mwanamke huyu hapiki, hafui, na hakai peke yake hata kidogo. Hakuna shughuli ya saa tatu ukumbini inayoweza kumfanyia hivyo, hata iwe imepambwa kwa maua ya namna gani.

Nje wanaume wana daftari. Kila rambirambi, mchango wa kuwafariji wafiwa, inaandikwa jina na kiasi, iwe imeletwa mkononi au imetumwa kwa simu. Daftari hilo halitupwi. Mwakani likitokea la kutokea kwa mmoja wa walioandikwa humo, familia hii italifungua na kujua wajibu wake. Majirani wameleta masufuria, ndoo na kuni bila kuombwa, na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kimeleta turubai na viti. Mtu aliyehamia mtaani miaka mingi na hajulikani kwa mtu hugundua siku hiyo kwamba anajulikana.

Halafu ipo kazi ambayo wengi huikumbuka ikiwa imechelewa. Baada ya maziko, kabla watu hawajatawanyika, ukoo hukaa. Huulizwa mbele ya wote: nani anamdai marehemu, na marehemu alikuwa anamdai nani? Watoto wote hutajwa, pamoja na wale wa nje ya ndoa ambao pengine ndio kwanza wanaonekana. Nani atakaa na watoto wadogo? Nani awe msimamizi wa mirathi, yaani mtu atakayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa kitakachobaki? Kwa Tanzania, muhtasari wa kikao hicho ndio ambao familia huubeba kwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri la mirathi. Familia iliyofanya shughuli nzuri ya jioni moja, kila mtu akarudi kwake, hujikuta baadaye inawatafuta wajomba na mashangazi kwa simu mikoa mitatu ili wakae kikao ambacho kingefanyika uani siku ya tatu, watu wote wakiwapo.

Siku ya kuanua tanga, yaani kuhitimisha msiba rasmi, nayo ina maana kwa aliyefiwa. Ukoo unamruhusu kutoka nje, kuoga, kuvaa, kurudi sokoni, na mtaa mzima unajua kwamba ameruhusiwa. Bila siku kama hiyo mtu hajui lini anaweza kucheka tena bila kusemwa.

*Kwa ufupi:* kabla hamjafuta sehemu yoyote ya msiba wa kimila kwa sababu ni ndefu au ya kizamani, ulizeni ilikuwa inafanya kazi gani, na nani ataifanya kazi hiyo ikiondolewa.

Kicheko kilikuwapo siku zote

Wanaopinga sherehe ya maisha husema kufurahi msibani ni uzungu. Hapo siwaungi mkono. Mila zetu nyingi zilijua kucheka mbele ya kifo kabla ya video na maputo.

Chukueni utani. Katika makabila mengi ya Tanzania ukoo au kabila huwa na watani wake, watu wenye ruhusa ya kusema na kufanya yale ambayo mwingine angepigwa kwayo. Wangoni na Wahehe ni watani, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na orodha ni ndefu. Msibani watani hubeba kazi nzito: huchimba kaburi, hupika, huchota maji. Na wao ndio huvunja kimya. Mmoja huingia amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika bakora yake, anatembea kwa kuburuta mguu ule ule aliouburuta, anakohoa kama alivyokohoa, anafika jikoni na kulalamika kwamba chai haina sukari. Wanawake wanaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Mwingine hushuka kaburini na kukataa kutoka hadi alipwe. Mzee aliyezikwa siku hiyo ameonekana mara ya mwisho na watu wote waliomjua, kwa mwendo wake na kikohozi chake. Hiyo ni sherehe ya maisha, na haikuandikwa na kamati yoyote.

Magharibi mwa Kenya, Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma inayopigwa mtoto anapozaliwa, jandoni, harusini na pia mazishini. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Watu wanaopigiwa ngoma ile ile wanapozaliwa na wanapozikwa hawawezi kuambiwa kwamba furaha haina nafasi msibani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, alizikwa kwa wakati wake kama watu wengine. Kigango chake, nguzo ya mbao iliyochongwa kwa heshima yake, kilisimamishwa baadaye, pengine baada ya miaka. Maziko yalikuwa na siku yake, kumbukumbu ikawa na siku yake. Utaratibu huo ndio ninaoupendekeza katika sura hii, na mtaona kwamba sikuuleta kutoka mbali. Arobaini, shughuli ya siku ya 40 baada ya kifo inayofanywa na familia nyingi za Kiislamu na za Kikristo, imejengwa vivyo hivyo.

Pale sherehe inapoumiza

Kijana wa miaka 24 amekufa kwa ajali ya bodaboda. Marafiki zake, kwa upendo wote, wamechapisha fulana, wameleta spika kubwa, na mwongoza ratiba anatangaza: "Leo hatulii, leo tunasherehekea!" Mama yake yuko mstari wa mbele. Analia, halafu anajitazama, anajifuta haraka, kwa sababu ameambiwa mbele ya watu mia tatu kwamba kulia kwake hakutakiwi. Jambo hili linanikera na nitalisema wazi: hakuna mtu mwenye haki ya kumnyang'anya mzazi kilio chake. Kifo cha kijana hakina cha kusherehekewa juma hilo. Maisha yake mafupi yanaweza kukumbukwa kwa furaha siku nyingine, mama mwenyewe akisema yuko tayari, hata ikiwa ni baada ya mwaka.

Bibi wa miaka 91, aliyezika mumewe, akasomesha wajukuu, akaugua kidogo na kuondoka akiwa amezungukwa na watoto, ni habari nyingine. Hapo nyimbo, vigelegele na nguo nyeupe vina mahali pake tangu siku ya kwanza, na wazee wenyewe huwa wa kwanza kusema, "Huyu tusimlilie sana, amekula chumvi nyingi." Umri na namna ya kifo viangaliwe kabla ya rangi ya sare.

Jambo la pili linaloumiza ni gharama. Sherehe ya maisha huanza kama wazo la kupunguza mambo, halafu ukumbi unaongezwa, mapambo, sauti, video, keki, sare ya pili. Mara nyingi mambo hayo hayachukui nafasi ya gharama za msiba. Yanarundikana juu yake. Kila siku mwili unapongoja mochwari ili ndugu fulani awahi kufika au ukumbi upatikane, malipo ya mochwari yanaongezeka na watu wa nyumbani wanaendelea kula. Ulizeni swali hili kikaoni bila aibu: fedha hii ikibaki, italipa ada ya shule ya mtoto yupi wa marehemu?

Mila nayo ina ya kuacha

Sitaki nionekane nimesimama upande wa baba mdogo kwa kila jambo. Kuna mambo yanayofanywa kwa jina la mila ambayo hayastahili kulindwa. Mjane kufungiwa nje ya nyumba aliyoijenga na mumewe, vyombo vyake kuhesabiwa na shemeji kabla udongo wa kaburi haujakauka, kulazimishwa kurithiwa na mwanamume asiyemtaka, watoto wa kike kutotajwa kikaoni: hayo yaachwe leo, na mwenyekiti wa kikao cha ukoo ayakatae waziwazi. Kuuza shamba ili kulisha waombolezaji nako kuachwe. Wafu wetu hawakulima ili jasho lao liishie kwenye sufuria la siku tatu.

Tena kuna kosa dogo linalotokea karibu kila msiba. Wasifu wa marehemu, yaani maelezo mafupi ya maisha yake yanayosomwa kabla ya kuaga mwili, huandikwa usiku wa manane na mtu aliyechoka, na husomwa kwa dakika nne: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, ameacha mjane na watoto. Baada yake wanasimama wanasiasa na wakuu wa kazi, nusu saa kila mmoja. Mtoto aliyeomba sherehe ya maisha mara nyingi alikuwa anaikimbia hali hii hasa. Wasifu ungeandikwa na watu wawili waliomjua vizuri, ukaeleza alivyokuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi na namna alivyokuwa akiwapigia watoto hesabu za duka kwa vidole, huenda yule mtoto asingeomba kitu kingine. Kamati ikitaka kufanya badiliko moja tu lisilo na gharama, ianzie hapo.

Dini inaruhusu nini

Kwa Muislamu mambo ya msingi hayajadiliwi kikaoni: mwili unaoshwa, unavishwa sanda, unaswaliwa na kuzikwa bila kucheleweshwa, na hauchomwi. Maalim Seif Sharif Hamad alifariki Februari 17, 2021 na kuzikwa kwao Pemba kesho yake, ingawa alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na mazishi yake yalikuwa ya kitaifa. Mjane hukaa eda, kipindi cha kujitenga baada ya kufiwa na mume, kwa miezi minne na siku kumi, na hiyo pekee inatosha kuonyesha kwamba dini imempa muda wake wa huzuni. Familia inayotaka kumkumbuka mzee wake kwa wema ina hitima, yaani kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu, ina dua, na ina sadaka yenye kuendelea, kama kisima au misahafu kwa madrasa, kwa jina lake. Muziki na ukumbi haviendani na shughuli hiyo na ni vyema watoto walioko ughaibuni waambiwe mapema.

Kwa Wakristo nafasi ni pana zaidi, lakini kila kanisa lina mipaka yake. Kanisa Katoliki limeruhusu mwili kuchomwa tangu 1963, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Makanisa mengi yangependa hotuba za sifa zifanyike nje ya ibada yenyewe. Mwendeeni padri au mchungaji kabla ya kuchapisha ratiba.

Nani ana neno la mwisho?

Wakenya wa umri fulani hawahitaji kukumbushwa kesi ya S. M. Otieno. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki Desemba 20, 1986. Mkewe, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika shambani kwao Matasia, karibu na Ngong, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano huku nchi nzima ikifuatilia mahakamani. Mei 15, 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Mei 23 akazikwa Nyalgunga, mkewe asiwepo. Msomaji ashike jambo moja katika kesi hii: wakili huyu, aliyeshughulika na sheria maisha yake yote, alidaiwa kuwa alisema anataka azikwe wapi, lakini maneno yake yalilazimika kuthibitishwa na watu waliokuwa wanashindana.

Linganisheni na Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, aliyefariki Septemba 25, 2011. Alikuwa amesema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, akaagwa kitaifa bustani ya Uhuru jijini Nairobi Oktoba 8, mahali pale pale alipokuwa amepigania pasijengwe jengo refu, kisha mwili wake ukachomwa Kariokor, jijini humo humo. Wakikuyu hawana mila ya kuchoma mwili. Lakini matakwa yake yalijulikana, na familia yake ilikuwa na la kuonyesha.

Mfano wa karibuni zaidi unanivutia kwa sababu unavunja mgawanyo wa kimila na kisasa. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, alifariki katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024. Alikuwa ameacha matakwa kwamba azikwe haraka, ndani ya saa 72, bila jeneza. Aprili 21 alizikwa nyumbani kwao Siaya, kwa heshima zote za kijeshi, na bila jeneza. Mahali palikuwa pa ukoo, heshima zilikuwa za dola, na unyenyekevu ulikuwa wake mwenyewe. Mwaka uliofuata Raila Odinga, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Kenya na aliyefariki India Oktoba 15, 2025, naye alikuwa ameomba azikwe ndani ya saa 72. Oktoba 19 alikuwa amekwisha kuzikwa Bondo, baada ya Nairobi na Kisumu kumuaga. Kama msiba wa ukubwa ule ulikamilika kwa siku nne, kamati ya mtaani haina sababu ya kuuweka mwili mochwari wiki mbili.

Kisheria, hapa Afrika Mashariki matakwa ya marehemu kuhusu maziko yake huheshimiwa na mahakama huyapa uzito, ila si amri inayomfunga kila mtu kama mgao wa mali katika wosia. Nguvu yake kubwa iko kikaoni. Baba mdogo mwenye karatasi iliyosainiwa na shemeji yake mkononi hubishana kwa namna tofauti kabisa.

Kamati inapokaa

Ikiwa marehemu hakuacha neno, maswali haya yanasaidia kabla ya mtu yeyote kupendekeza rangi za sare:

- Amekufaje, na alikuwa na umri gani?
- Mfiwa wa karibu zaidi, mjane, mgane au mzazi, anataka nini? Aulizwe yeye mwenyewe, faraghani, na mtu anayemwamini, si mbele ya kamati.
- Dini yake inakataza nini? Hilo likishajulikana lisirudiwe kujadiliwa.
- Kikao cha ukoo kuhusu madeni, watoto na mirathi kitakaa siku gani, na nani ataandika muhtasari?
- Kama tunataka siku ya kusherehekea maisha yake, inaweza kungoja arobaini au mwaka? Ndugu walioko nje watapata nafasi ya kupanga safari, na mwili hautangoja mtu.

Kwa familia zilizotawanyika, swali la mwisho ndilo linaloleta amani. Aliyeko Marekani aliyeshindwa kuwahi maziko Mbeya hupata siku yake ya kusimama, kusema na kulia. Wakati wa korona, Kenya ilipoweka kikomo cha watu 15 mazishini mwaka 2020, familia nyingi zilizika kwa haraka na kukumbuka baadaye, na ikaonekana kwamba jambo hilo linawezekana.

Karatasi yako

Usiyaweke matakwa ya maziko ndani ya wosia peke yake. Wosia kwa kawaida hufunguliwa maziko yakishapita, na hapo hautasaidia mtu. Andika karatasi ya pili, ya ukurasa mmoja, yenye mambo haya: unataka kuzikwa wapi, kwa utaratibu wa dini gani, ndani ya siku ngapi, gharama isizidi nini, nani aandike wasifu wako, nani asimamie kikao, na kama unataka siku ya kusherehekea maisha yako, iwe lini na iwe namna gani. Weka tarehe na saini, mbele ya mashahidi wawili. Kwa wosia wenyewe, Tanzania kuna RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ambao pia huandika na kuhifadhi wosia.

Nakala moja mpe mtu wa nyumbani kwako, nyingine mpe mtu mzima wa ukoo, yule ambaye siku hiyo atasikilizwa. Mweleze kwa mdomo pia, ili asiisome kwa mshangao. Ukibadili mawazo, andika upya na uzichukue za zamani.

Fanya hivyo mwezi huu. Na kama wazazi wako wangali hai, waulize nao wangependa nini, wakiwa na afya zao na mkiwa mmekaa vizuri, uyaandike majibu yao wakikutazama.